Klorini Ukutani

Sajenti Ngassa alisikia kipigo kabla hajamwona anayepigwa. Konstebo Tecla, aliyekuwa akiendesha pikipiki, alipunguza mwendo kwenye kona ya migomba, na hapo mlio ukaja wazi: rungu juu ya nyama, pumzi ikimtoka mtu kwa kishindo, halafu rungu tena.

"Afande, wanaua," Tecla alisema.

"Basi usipunguze. Waingilie hivyo hivyo."

Akawaingilia. Pikipiki ilikata katikati ya kundi la wanaume mbele ya kilabu cha rubisi, ile pombe ya ndizi, mmoja akarukia mtaroni, mwingine akaangukia mtungi ukapasuka. Ngassa alishuka kabla haijasimama. Alikuwa Msukuma mwenye kifua cha fahali na maneno ya kuhesabika. Mtu wa kwanza kumfikia alikuwa ameinua panga. Ngassa akamdaka kifundo cha mkono, akaukunja upande ambao Mungu hakuuumbia kukunjika. Mfupa ukalia. Panga likaanguka, na mwenye panga akaanguka juu yake akilia kama mbuzi.

Wengine wakasogea. Ngassa akapiga risasi juu.

"Nani anataka inayofuata?"

Hakuna aliyeitaka.

Chini, kwenye tope, alilala Hakizimana mwenye kilabu. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na sikio la kushoto lilining'inia kwa kipande cha ngozi.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Jana yake, Theonest Nyandwi, bwana afya wa kata, alikufa nyumbani kwake hapa Mukarere, kitongoji cha Nyamiaga. Wakubwa wakasema ni kipindupindu, kile kile kilichokuwa kikivuna watu pale tangu mwanzo wa mwezi. Kikosi cha dharura kikamtia kwenye mfuko, kikafunga zipu, kikamfukia jua halijazama, wala ndugu hawakuonyeshwa uso. Mkewe, Bonifasia, akakamatwa kama mtu aliyegusa ugonjwa, akafungiwa kwenye hema la zahanati. Lakini mama mzazi wa Theonest, bibi Speciose, hakuimeza habari hiyo. Asubuhi alipanda kilima mpaka Ngara mjini, akaingia kituo cha polisi, akasema mwanangu ameuawa. Akaapa mbele ya hakimu, na hakimu akatoa kibali cha kufukua kaburi. Difenda ya polisi ilikuwa nyuma, imekwenda kumpakia daktari.

Habari ikawahi kijijini kuliko polisi. Na watu walipojiuliza nani angemuua bwana afya, jibu walikuwa nalo mdomoni. Ugonjwa ulipoanza, Theonest alifunga kilabu cha Hakizimana, akamwaga mitungi yote, na Hakizimana akaapa mbele ya hadhara kwamba atampasua kichwa kama boga.

Ngassa akachuchumaa kwenye tope. "Uliapa kumpasua?"

"Niliapa, afande." Hakizimana alitema damu na jino. "Rubisi yangu yote ilikwenda na mfereji! Hata wewe ungeapa."

"Ukampasua?"

"Nimpasue saa ngapi? Jana nilishinda Benaco natafuta kibarua cha kupakua mizigo. Kilabu si mmekifunga? Nimerudi jua limeshainama."

"Muongo!" mtu mmoja alipiga kelele kutoka kwenye kundi. "Afande, usimsikilize huyo, mdomo wake umezoea kuuza uchachu!"

"Wewe Paschal, mbona uchachu huo ulikuwa unaunywa?" Hakizimana akamjibu pale pale chini. Watu wawili watatu wakacheka bila kutaka.

"Nani alikuona ukirudi?" Ngassa akauliza.

"Niragira. Dereva wa Bwana Projestus, yule mkuu wa dharura. Nilipita kwa Theonest nikamwombe anifungulie. Tuligombana, ndiyo, lakini ni jirani. Nikamkuta Niragira ndani na lile vazi jeupe, pampu mgongoni, anapuliza dawa ukutani. Nikamtania, nikamwambia, wee, unaua kipindupindu au unapaka chokaa? Mbona mpaka juu? Akanitoa mbio na panga."

"Watu walikuwa wanalia msiba?"

"Wapi! Bonifasia alikuwa hata hajarudi sokoni. Kilio nimekisikia baadaye, nimeshafika kwangu."

Ngassa alisimama. Tecla alikuwa ameshamkusanyia marungu yote mahali pamoja. Ngassa akamnyooshea kidole Paschal.

"Wewe wa mdomo. Shika hilo sikio lake vizuri, umpakie kwenye bodaboda mpaka hospitali. Likianguka njiani utatoa la kwako."

Nyumba ya Theonest ilikuwa ya matofali ya kuchoma, ndani imekandikwa udongo mwekundu, na mbele ya mlango kulining'inia kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Mlangoni palizungushwa utepe. Bibi Speciose alikuwa ameketi chini, nje ya utepe, miguu ameinyoosha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefika, mwanangu. Nilidhani wamekugeuza njiani."

"Nani anigeuze?"

"Hao hao. Wenye magari."

"Jana ulimwona Theonest?"

"Asubuhi alikuja kwangu. Alikula ndizi na maharage mpaka akakomba sufuria. Akanitania kwamba siku hizi chumvi naipenda kuliko yeye." Akamtazama Ngassa. "Wewe umeona watu wengi. Mtu wa kuharisha anakomba sufuria?"

Ngassa akavaa glavu, akaruka utepe, Tecla nyuma yake na barakoa.

Sebuleni klorini iliwavamia macho. Sakafu ya saruji ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa. Ukuta wa upande wa meza, ule wa udongo mwekundu, ulikuwa umefifia kwa michirizi myeupe kuanzia chini mpaka juu ya usawa wa mlango. Pazia la kitenge lilikuwa limeliwa rangi madoa madoa. Upande wa pili wa chumba, ukuta ulikuwa mwekundu kama ulivyozaliwa.

Ngassa akaingia chumba cha kulala. Kitanda kimetandikwa. Akaweka kiganja juu ya godoro. Kavu. Akalinusa. Lilinuka godoro.

"Tecla, ukishikwa na kipindupindu unalala wapi?"

"Silali, afande. Nahamia chooni."

"Twende huko ulikohamia."

Choo kilikuwa nyuma, cha matofali, kama cha mtu anayefundisha wenzake kuchimba. Kifuniko kilikuwa mahali pake. Majivu yalinyunyizwa jana, makavu, na sakafuni zilionekana alama za ufagio. Hapakuwa na tone jeupe. Ngassa akarudi akitazama njia kutoka choo hadi mlangoni. Nyasi zilikuwa mbichi, za kijani. Klorini ya kiasi kile ingezibabua zote.

Kabla ya kuhamishiwa Ngara, Ngassa alifanya kazi Biharamulo, na huko mlipuko ulipotokea alipangwa kulinda nyumba za wagonjwa. Aliona kikosi kikifanya kazi. Kilianza chooni, kikaja na njia yote aliyopita mgonjwa, kikaishia kitandani, na godoro likachomwa moto mbele ya wenyewe wakilia. Ugonjwa ule unatoka kwa chini. Haupandi ukutani.

"Hawa wamepuliza sebule," alisema, "tena upande mmoja. Choo hawakukigusa, godoro hawakulichoma. Sasa niambie, ni kitu gani kinatoka kwa mtu kikafika juu ya mlango?"

Tecla alikuwa msichana wa Ngara mjini, wa baba mchinjaji. Hakufikiri sana. "Damu, afande. Ukimpiga panga la kichwa, inaruka."

Wakarudi ndani. Kwenye ukuta uliofifia ilitundikwa picha ya Bikira Maria, ya kioo, yenye fremu ya mbao. Kioo kilikuwa safi mno. Ngassa akaishika fremu pande mbili, akaitoa msumarini taratibu.

Nyuma yake udongo ulikuwa mwekundu bado, na juu ya ule wekundu ulishuka mchirizi mwingine, wa kahawia, umekauka na kupasuka. Ulikuwa umeingilia juu ya fremu ukateremka nyuma, mahali ambapo pampu haikuona.

"Piga picha," Ngassa alisema. "Na msumari uonekane."

Akakwangua ule ukoko kwa kisu, akautia kwenye bahasha, na fremu yenyewe akaifunga kwenye mfuko wa nailoni. Pampu zile zililetwa na wafadhili kuisaidia idara ya afya. Siku zilipofika wakubwa walijipanga mstari wakapigwa nazo picha, wakala pilau, wakaondoka. Wagonjwa wa Mukarere wakasubiri pampu hizo mpaka wakazikwa. Ile ya kwanza kufika kitongojini ilikuja kusafisha damu ya bwana afya.

Walipotoka, gari jeupe lilikuwa linasimama uani. Alishuka mtu wa shati la mikono mirefu na sauti ya mkutano wa hadhara: Projestus, mkuu wa kikosi cha dharura. Usukani aliuacha Niragira, kijeba mwenye shingo fupi, akashuka naye akasimama nyuma ya bosi wake.

"Sajenti! Nani amekuruhusu kuingia nyumba yenye maambukizi?"

"Hakimu."

"Hakimu anajua kipindupindu?"

"Hajui. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Choo mbona hamkupuliza?"

Projestus alimtupia Niragira jicho kabla ya kujibu, na Ngassa alikuwa analisubiri jicho hilo. "Dawa iliisha."

"Iliishia ukutani?"

Niragira akahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Projestus akacheka cheko la ofisini.

"Endeleeni tu kuchezea. Mke wake ameanza kuharisha tangu alfajiri, hali yake si nzuri. Sidhani kama atafika jioni. Kesho tutawazika na nyie."

Bibi Speciose aliinuka kama aliyechomwa. "Bonifasia? Mbona jana jioni aliniita kutoka humo hemani akiwa mzima! Aliita mpaka sauti ikakauka. Anasema, mama, njoo, nina neno la Theonest nikwambie! Wakanifukuza nisisogee."

"Ni homa, mama. Wanaweweseka."

"Homa gani inayonijua jina?"

Ngassa akamtazama Projestus. "Huyo mwanamke nataka kumwona. Sasa hivi."

"Utamwona ukishavaa vazi kamili. Hata kaburini sikuruhusu uguse kitu bila vazi, na hilo liko kwenye kibali chako, soma." Na kweli lilikuwepo. Wakati huo difenda iliingia na daktari, mzee mwembamba asiyependa kuongea, ikaziba njia nyuma ya gari jeupe. Projestus akageuka. "Niragira, chukua bodaboda pale barabarani, kimbia zahanati ulete mavazi."

"Afanye haraka," Ngassa akasema.

Na hilo ndilo kosa alilofanya siku hiyo, kwa mdomo wake mwenyewe.

Kaburi lilikuwa nyuma ya migomba, tuta la udongo mbichi bila msalaba. Walisubiri. Niragira hakutokea. Daktari akatazama jua, akasema anazo glavu ndefu na barakoa za kutosha na yeye hatasubiri mpaka maiti iharibike. Askari wawili wa difenda wakavua mashati, wakachimba. Projestus alisimama pembeni, mikono nyuma. Hakwenda mbali na wala hakukaribia.

Halikuwa na kina. Watu waliolichimba walikuwa na haraka. Chepe likagusa plastiki, wakaushika mfuko miguuni na kichwani, wakauinua. Kitu ndani kikabingirika upande.

Daktari akafungua zipu.

Theonest alikuwa na shati lake la kazi na suruali kavu. Kichwa kilikuwa kimefunguka kuanzia kwenye nywele hadi kwenye nyusi, na ndani ya ule ufa walikuwa wamesokota kitambaa ili damu isivuje kwenye mfuko. Mkono wa kulia vidole vitatu havikuwepo. Havikuwa mbali. Walivitupia humo humo, vililala karibu na goti lake.

"Panga," daktari alisema. "Kichwani limeshuka zaidi ya mara moja. Mkono alijikinga. Tumbo hili," akaligusa, "ni la mtu aliyeshiba."

Bibi Speciose alikuwa amefika, hapana aliyemwona akija. Alipiga magoti akaokota vile vidole, kimoja kimoja, akavifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Hakizimana!" Projestus akasema kwa nguvu. "Kijiji kizima kilimsikia akiapa! Kama boga, alisema! Sajenti, unasubiri nini, mtu unaye!"

Ngassa akamgeukia pole pole.

"Sawa. Tuseme Hakizimana amemkata. Nani amemtia kwenye mfuko?"

"Vijana wangu."

"Nani alitangaza amekufa kwa kuharisha?"

"Ni... nilipewa taarifa."

"Na aliyesokota kitambaa ndani ya hiki kichwa alidhani anaziba kipindupindu?"

Projestus hakuwa mtu wa kupigana, lakini aliyebanwa hachagui. Chepe lilikuwa limechomekwa kwenye udongo karibu yake. Alilichomoa akalizungusha kwa mikono miwili. Lilimpata Ngassa begani, juu ya mfupa wa mtulinga, na mfupa ukakatika; watu wote waliusikia. Ngassa akaanguka goti moja. Chepe likapanda tena, ncha mbele, likilenga shingo.

Halikushuka. Tecla alimzungushia kitako cha bunduki mdomoni. Meno ya mbele yakaingia ndani, Projestus akaenda chali ndani ya shimo alilomchimbia mwenzake, na Tecla akaruka nyuma yake humo humo, akampiga tena, na tena, mpaka Ngassa akasema, "Basi. Tunamhitaji aongee."

"Ataongea kwa pua, afande."

Wakamtoa kwa kumvuta kola, wakamfunga pingu. Tecla akafungua mlango wa nyuma wa gari jeupe ili amkalishe humo kwanza, akasimama.

"Afande. Njoo uone."

Kiti chote cha nyuma kilijaa maboksi. Juu kabisa moja lilikuwa wazi, na ndani yake mavazi meupe yamekunjwa, mapya, na miwani yake na glavu zake.

Ngassa aliyatazama. Akatazama barabara ambayo Niragira alipotelea.

Projestus, damu ikimchuruzika kidevuni, alianza kucheka.

Ngassa alipanda pikipiki kwa mkono mmoja, ule mwingine umekufa pembeni, akaiwasha, akapita katikati ya migomba moja kwa moja bila kutafuta njia.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya bonde. Hema alimofungiwa Bonifasia peke yake lilisimama nyuma yake, jeupe, limezungushiwa wavu wa rangi ya chungwa, na kwa hofu ya ugonjwa hapakuwa na mtu karibu. Hata mbwa walikuwa wamefundishwa kwa mawe kukaa mbali. Kwa hiyo mtu angeweza kulia humo tangu asubuhi mpaka jioni na asipate wa kumwitikia.

Ngassa aliacha pikipiki ianguke yenyewe. Alisikia kitanda kikigonga chini. Akapasua mlango wa hema.

Niragira alikuwa amempandia Bonifasia kifuani, magoti juu ya mikono yake. Alivaa vazi jeupe lote, na mkono mmoja alikuwa amembana taya, mwingine ameshika kikombe cha plastiki. Klorini ile haikuwa ya kunawia mikono. Ilinuka mpaka nje. Midomo ya mwanamke ilikuwa imebabuka, nguo ya kifuani imegeuka nyeupe, lakini meno alikuwa ameyauma pamoja, na kati ya meno hayo kulikuwa na glavu iliyopasuka na ncha ya kidole cha Niragira.

Ngassa akamrukia. Wakaanguka wote watatu na kitanda. Bega lililovunjika likamchoma mpaka akaona giza, na katika giza hilo Niragira akapata bomba la pampu ya klorini iliyokuwa kando, akampuliza usoni.

Macho yakawaka moto. Ngassa hakuona kitu tena. Alijua tu uzito uliomkalia, na vidole vinne vyenye utelezi wa damu vikitafuta koo lake, vikalipata. Akapiga kwa mkono mmoja, akakuta plastiki ya miwani, akaipiga tena, ikavunjika ndani. Vidole havikulegea. Bastola ilikuwa upande wa mkono uliokufa.

Kisha kitu kilipita juu ya kichwa chake na upepo, chuma juu ya mfupa. Uzito ukayumba. Chuma tena. Uzito ukaanguka pembeni. Chuma kikaendelea, bila haraka, kama mtu anayetwanga mtama, na kila kikishuka Bonifasia alitoa pumzi yenye mluzi.

"Mama," Ngassa akaita, macho amefumba. "Mama Bonifasia. Polisi. Muache. Nakuomba umuache, nataka huyu asimame mbele ya hakimu."

Kikashuka mara moja zaidi. Kisha ile nguzo ya kutundikia dripu ikaanguka chini.

Mikono yake ikamshika Ngassa kichwa. Akamwaga ndoo nzima ya maji machoni mwake, akaleta nyingine. Alipoweza kufumbua, aliona mwanamke wa makamo aliyebabuka mdomo, kanga imechanika, akitetemeka mwili mzima isipokuwa mikono. Niragira alikuwa hai, kwa kiasi: taya limehama, pumzi ikikoroma.

Daktari alipofika na difenda alimwosha Bonifasia mdomo, akamtazama koo kwa tochi. Akasema klorini aliimeza kidogo, nyingi aliitema. Anahitaji hospitali na asiongee.

"Nitaongea," Bonifasia alisema. Sauti ilikuwa ya mkwaruzo, lakini ilikuwa sauti. "Nimefungiwa humu ili nisiongee."

Tecla akachuchumaa, simu imewashwa kurekodi.

"Mume wangu alikuwa anatafuta ugonjwa unatoka wapi. Alikwenda juu ya chemchemi akajificha kwenye majani. Akaliona gari la kunyonya vyoo, lile la gesti ya Projestus mjini. Linamwaga pale pale juu, yote, linashuka kwenye maji tunayochota. Kwenda kulimwaga mbali waliona taabu." Akameza mate kwa maumivu. "Nikamwambia, Theonest, panda kilima kawaambie polisi. Akasema hapana, kazi yetu ina utaratibu. Lazima nimwambie kwanza mkubwa wangu, yeye ndiye apeleke juu. Nisipofuata ngazi watasema nimemruka."

"Mkubwa wake nani?" Tecla aliuliza, ingawa alijua. Ilibidi isikike.

"Projestus. Akampigia, akamwambia, bosi, nimeliona gari lako. Projestus akamshukuru! Akamwambia, rudi nyumbani kwako mchana, nitakuja na dereva tuandike taarifa pamoja, mkeo mtume sokoni tupate utulivu. Na mimi nikaenda sokoni."

Watu wenye pesa za mafuta ya kupeleka mavi mbali waliyamwaga kwenye maji ya wanawake wanaobeba ndoo kichwani. Kisha wao ndio wakapewa gari la kuja kuwaokoa.

Simu ya Ngassa ikalia. Aliipokea kwa mkono mzima. Alikuwa mkubwa mmoja kutoka mjini, sauti aliijua tangu salamu.

"Sajenti, nasikia umemshika Projestus."

"Ndiyo, mkubwa."

"Sasa sikiliza. Yule ni mtu wa heshima, anafahamika mpaka mkoani. Mfungue pingu. Mkalishe mbele na dereva, upite njia ya nyuma, watu wasimwone. Mengine tutayazungumza hapa ofisini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mkubwa."

Akakata. Tecla alikuwa anamtazama. Askari wa difenda nao walikuwa wanamtazama, na nyuma ya wavu wa rangi ya chungwa watu walikuwa wameanza kusogea, mmoja mmoja, wakisahau hofu.

"Pakieni," Ngassa akasema.

Mfuko wa Theonest ulikuwa umelazwa kwenye machela nyuma ya difenda. Niragira wakamrusha upande mmoja. Projestus wakamkalisha upande wa pili, na Ngassa mwenyewe akafungua pingu ya mkono mmoja, akaipitisha kwenye mshikio wa machela, akaifunga tena. Projestus akavuta. Machela ikaja pamoja naye, na mfuko ukamwegemea magoti.

"Hujaambiwa?" Projestus alisema kupitia mdomo uliopasuka. "Mimi nakaa mbele! Hujapigiwa simu wewe?"

"Nimepigiwa."

Ngassa akamshika Bonifasia kiwiko, akampandisha mbele karibu na dereva, akamfungia mlango. Kisha akamwambia dereva apite barabara kubwa, akate katikati ya soko, na asikanyage mafuta.

Hawakuwa wamefika hata kwenye daraja, simu ikalia tena. Jina lilikuwa lile lile. Ngassa, aliyekuwa amening'inia mlangoni kwa mkono mmoja, hakuwa na mkono wa pili wa kuishika. Akausogeza dirishani mfuko wa shati ambamo simu ilichungulia.

"Mama, nipokelee."

Bonifasia aliiweka sikioni. Akasikiliza mpaka mwisho, kama mtu aliyelelewa vizuri. Kisha akasafisha koo lake lililoungua.

"Mkubwa," akasema, "mbele nimekaa mimi."